Kiwanja cha mlimani Kigoma: macho, shimo, nyundo, vigingi au mtaalamu?

Ukikagua kiwanja cha mteremkoni mwezi wa Agosti, kila kitu kitakudanganya. Udongo mwekundu umekauka mpaka sururu inaruka, muuzaji anagonga kisigino chini na kukuambia hapa ni mwamba mtupu, na ziwa kule chini limetulia kama maji ya beseni. Rudi mahali hapohapo mwezi Machi, baada ya miezi minne ya mvua za msimu, utakuta mtalimbo unaingia kwa uzito wake na maji yanachuruzika kwenye ukingo uliokatwa. Mlima ni uleule. Kilichobadilika ni maji, na maji ndiyo yanayoamua kama nyumba itakaa au itashuka.

Kwa hiyo kabla ya kulinganisha njia za kupima, ni vema kuelewa kinachopimwa. Mteremko unashikiliwa na msuguano kati ya chembe za udongo na kiasi cha ugandamano wa mfinyanzi. Maji yakijaa kwenye nafasi zilizo kati ya chembe, yanazisukuma zisibanane, na msuguano unapungua ingawa uzito wa udongo umeongezeka. Chukua mchanga ambao ukiwa mkavu unasimama kwenye mteremko wa nyuzi 34. Ukijaa maji hadi juu, na maji hayo yakawa yanatiririka sambamba na mteremko, mchanga huohuo hautasimama zaidi ya nyuzi 18 hivi. Karibu nusu. Kipimo chochote kinachokupa ugumu wa udongo wa leo bila kukuambia maji yatafika wapi wakati wa mvua kimekupa nusu ya jibu, tena nusu isiyo na kazi.

Njia tano zilizopo, kuanzia ya bure hadi ya gharama kubwa, tunazipima kwa maswali mawili tu: inaonyesha tabaka dhaifu liko kina gani? Na inaonyesha maji?

Macho na miguu

Hii haina gharama, na kwa kiwanja cha kawaida inakupa zaidi ya nusu ya unachohitaji, mradi usiishie ndani ya mipaka ya kiwanja. Panda hadi kilele cha kilima, kisha shuka mpaka korongoni. Anayekagua mita ishirini kwa ishirini alizouziwa anakagua kigae akidhani anaona chungu.

Anza na pembe. Simu nyingi zina programu ya kupima mwinamo, lakini ubao wa mita 1 na pima maji ya fundi vinatosha. Weka ncha moja ya ubao ardhini upande wa juu, usawazishe mpaka kiputo cha pima maji kikae katikati, kisha pima kutoka ncha ya pili hadi ardhini. Sentimita 27 ni nyuzi 15, sentimita 47 ni nyuzi 25, sentimita 58 ni nyuzi 30, sentimita 70 ni nyuzi 35. Pima sehemu tano au sita, maana mteremko wa wastani huficha kipande kikali kilicho juu ya mahali utakapolala.

Kisha tafuta nyufa. Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa sababu udongo wa mfinyanzi hupasuka kila kiangazi na nyufa hizo hazina maana kubwa. Tofauti iko kwenye umbo. Nyufa za ukavu zinafanya mtandao, kama gamba la kobe, na mvua mbili zikinyesha zinaziba. Ufa wa mlima unaoanza kushuka ni mmoja au michache, umekata mteremko kwa upana, mara nyingi umejipinda kama mwezi mchanga ukikumbatia upande wa chini, na ukingo wake wa chini umeshuka kuliko wa juu. Hata ngazi ya sentimita 5 kati ya kingo hizo mbili inatosha kukufanya usiweke saini siku hiyo. Ukiukuta ufa wa aina hiyo, nenda chini yake utafute uvimbe. Udongo ulioshuka juu lazima utokee mahali, na kwa kawaida unatunisha tumbo la mteremko mita kadhaa chini.

Miti husaidia, kwa tahadhari. Mchikichi uliolala kuelekea bondeni kisha ukajipinda na kuelekea juu unasema ardhi ilisogea ukiwa tayari umeota, nao ukajirekebisha. Mmoja haukuambii kitu, kwa kuwa upepo, ng'ombe na jirani aliyeegemeza kuni hufanya vilevile. Michikichi kumi iliyopinda upande mmoja kwenye ukanda mmoja ni habari nyingine. Na usidanganyike kwamba michikichi inashikilia mlima. Mizizi yake ni mingi na myembamba, sehemu kubwa iko kwenye mita ya kwanza. Inazuia mmomonyoko wa juu vizuri sana, lakini tabaka linaloteleza kina cha mita 3 linapita chini yake na kuibeba ikiwa imesimama wima.

Ukiona visiki vya miombo, uliza ilikatwa lini. Mizizi haifi siku shina linapoanguka; huoza polepole, na mteremko unakuwa dhaifu zaidi miaka michache baadaye, wakati kila mtu ameshasahau kwamba palikuwa na msitu. Kilima kilichofyekwa mwaka jana na kikavumilia mvua zake kimefaulu mtihani wa mwaka mmoja tu.

Maji: tafuta majani mabichi kiangazi, matete, udongo wenye unyevu mahali pasipo na mto, na mstari wa vichemchemi uliolala karibu kwenye kimo kimoja. Mstari huo unakuonyesha mahali tabaka linalopitisha maji linapokutana na lisilopitisha. Usijenge juu kidogo ya mstari huo, wala chini yake.

Halafu ongea na watu, ila si na muuzaji na dalali. Watafute wanaolima mlima huo na wazee wa mtaa, na usiwaulize "hapa pako salama?" kwa sababu utajibiwa ndiyo kwa heshima. Waulize maji hutokea wapi mwezi Machi, ukuta wa nani ulipasuka, njia ya miguu ilihamishwa lini na kwa nini. Njia iliyohamishwa ni ushahidi mzuri kuliko hati.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba macho hayaoni chini ya ardhi. Mteremko ambao haujawahi kusogea hauna ufa wala mchikichi uliopinda, na bado unaweza kuporomoka mara ya kwanza, hasa baada ya wewe kuukata.

Shimo la majaribio

Kama tungeambiwa tuchague njia moja tu ya kulipia, ni hii. Gharama yake ni vibarua wawili, sururu, sepetu na siku moja kama hakuna mawe makubwa, na inakuonyesha kitu ambacho mashine nyingi hazikionyeshi: tabaka zenyewe.

Wanaoteleza kwa ski kwenye milima ya theluji wana desturi inayofanana. Wanachimba shimo, wanatenga mnara wa theluji wa sentimita 30 kwa 30, wanaweka koleo juu yake na kulipiga kwa kiganja: mara kumi kwa kifundo cha mkono, kumi kwa kiwiko, kumi kwa bega. Pigo ambalo mnara unakatika, na kina unapokatikia, vinawaambia tabaka dhaifu liko wapi na ni dhaifu kiasi gani. Theluji nyingi juu haiwatishi kama tabaka jembamba la chini lisiloshikana. Udongo haupimwi kwa kupigwa kiganja, na kinachouangusha mara nyingi ni maji kuliko uzito wa mtu, lakini swali ni lilelile: je, kuna ukurasa mmoja unaoteleza kati ya kurasa ngumu?

Chimba mashimo matatu kama unaweza, moja juu ya mahali pa nyumba, moja pale pale, moja chini. Likiwa moja tu, lichimbe upande wa chini, huko ndiko maji hujionyesha. Upana mita 1, urefu mita 1.5 kufuata mteremko, kina mita 2 au hadi ufike mwamba uliooza, yaani jiwe lililolainika na kuanza kugeuka udongo. Kuanzia kina cha mita 1.2 usimruhusu mtu kuingia bila kukata ngazi pembeni au kuweka mbao za kuzuia kingo. Rundika udongo uliotoka angalau mita 1 kutoka ukingoni, na upande wa chini. Asichimbe mtu peke yake. Shimo la kupimia usalama limeshawahi kuua watu kwa sababu hiyo hiyo lililochimbiwa.

Shuka ukisoma ukuta wa shimo kutoka juu. Kila sentimita 10 bonyeza kidole gumba. Kikizama bila nguvu, tabaka ni tepetepe. Kikiacha alama kwa kukaza, ni la wastani. Likikwaruzika kwa ukucha tu, ni gumu. Andika kila namba. Unachotafuta ni badiliko la ghafla, hasa laini lililobanwa kati ya magumu mawili, au udongo mlegevu uliokaa moja kwa moja juu ya kitu kisichopitisha maji. Kwenye udongo mwekundu wa huku mara nyingi utakutana na mstari wa kokoto na vipande vya mawe kati ya udongo wa juu na mwamba uliooza. Usiupuuze. Maji ya mvua hukimbia kwenye mstari huo.

Sasa rangi, na hapa ndipo shimo linapoishinda nyundo. Udongo uliozama majini kila mwaka unabadilika rangi: unakuwa na mabaka ya kijivu yaliyochanganyika na madoa ya kutu. Mabaka hayo hayaondoki kiangazi. Kwa hiyo hata ukichimba Agosti, kina yanapoanzia kinakuambia maji ya Machi hupanda hadi wapi. Mabaka yakianza kina cha sentimita 60 kwenye mteremko wa nyuzi 25, umepata jibu la kiwanja bila kungoja mvua.

Chukua bonge moja kutoka kila tabaka na ufanye vipimo vitatu vya mkono. Cha kwanza, livunje na uangalie sehemu lilipovunjikia. Mfinyanzi wenye nyuso laini zinazong'aa kama zimepakwa sabuni, zenye mikwaruzo inayoelekea upande mmoja, umeshawahi kuteleza. Hiyo inaweza kuwa alama ya kidole ya maporomoko ya zamani na kwetu inatosha kusimamisha ununuzi mpaka mtaalamu aje. Cha pili, lowanisha kidogo na uviringishe mpaka upate uzi wa unene wa milimita 3. Ukipatikana bila kukatika, mfinyanzi ni mwingi, nao unaweza kuvimba na kusinyaa. Cha tatu, tumbukiza kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kwenye glasi ya maji yaliyotulia. Kikibomoka kuwa rundo ni udongo usiovumilia maji yanayotiririka. Kikizungukwa na wingu jeupe la maziwa hata bila kutikiswa, ni udongo unaoyeyuka, na mfereji wowote utakaouchimba humo utageuka korongo.

Acha shimo wazi saa 24, ulifunike kwa mabati na miiba ili mtoto au mbuzi asitumbukie, kisha upime maji yaliyoingia. Usijaze maji mwenyewe eti kupima yanavyonywewa. Kufanya hivyo kwenye mteremko wenye ufa ni kuusaidia ushuke. Ukimaliza, rudisha udongo kwa tabaka za sentimita 20 ukishindilia, maana shimo lililojazwa ovyo ni kisima cha kukusanyia mvua katikati ya kiwanja chako.

Udhaifu: shimo linaona mita 2. Maporomoko ya juujuu, yale yanayovua ngozi ya mlima baada ya mvua kubwa, utayaona. Yale ya kina cha mita 6 au 10, hapana.

Nyundo na ncha

Mafundi wa barabara wanatumia kifaa cha fimbo ya chuma yenye ncha ya nyuzi 60 na nyundo ya kilo 8 inayodondoka milimita 575. Unahesabu milimita inazozama kwa kila pigo: chini ya 5 ni ngumu, zaidi ya 20 ni laini. Kifaa hicho kinafika sentimita 80 tu, au zaidi kidogo kikiongezwa fimbo, kwa sababu kilibuniwa kupima tabaka za barabara. Kuna ndugu yake wa nyundo ya kilo 10 inayodondoka nusu mita, ambaye anaongezwa fimbo na kufika mita kadhaa. Hapo unahesabu mapigo kwa kila sentimita 10.

Uzuri wake ni kasi. Kwa siku moja unaweza kupima sehemu kumi na kuchora mahali mwamba ulipo kina kifupi na mahali kifusi kilipo kirefu. Kwa kiwanja kilichojazwa kifusi hakuna kinachoishinda: mapigo mawili, mawili, matatu, halafu ghafla ishirini, na umejua kwamba muuzaji alisawazisha kwa kumwaga udongo mita 1.4.

Lakini wauzaji wa huduma hii wanaiongezea sifa isiyo yake. Inapima ugumu wa leo. Mfinyanzi mkavu wa Septemba unatoa namba nzuri kuliko mchanga ulioshindiliwa, na Machi unageuka ugali. Jiwe moja chini ya ncha linaandikwa kuwa mwamba. Na utepe wa mfinyanzi wa sentimita 2, ambao ndio utelezi wenyewe, unapitwa ndani ya pigo moja bila kuonekana kwenye karatasi. Shimo likishaonyesha tabaka, nyundo ni nzuri ya kufuatilia tabaka hilo linaelekea wapi. Nyundo bila shimo ni namba bila maelezo.

Asiye na kifaa atumie nondo ya milimita 12, urefu mita 2, iliyochongwa ncha, na nyundo ya kilo 2. Hesabu mapigo kila sentimita 10. Namba hizo hazilingani na jedwali lolote. Zinakusaidia kulinganisha pembe moja ya kiwanja na nyingine, basi.

Vigingi na kopo la mvua

Hii ni njia ya mwenye subira, na inafaa zaidi kwa aliyekwisha nunua kuliko anayefikiria. Inataka msimu mzima. Mvua za Kigoma mjini na kusini mwake zinahesabiwa na Mamlaka ya Hali ya Hewa kama msimu mmoja wa Novemba hadi Aprili. Kakonko na Kibondo huwekwa kwenye kundi la vuli na masika, kwa hiyo ratiba ya kupima huko inabadilika.

Vigingi viwe vya nondo, urefu mita 1, vipigwe hadi vibaki sentimita 20 juu. Vigingi vifupi vya mti vinacheza na udongo wa juu unaovimba na kusinyaa, utakuta vimesogea milimita 5 na ukakosa usingizi bure. Vipange kwa mstari unaokata mteremko kwa upana, viwili vya mwisho vikiwa kwenye mwamba au ardhi usiyoitilia shaka nje ya eneo. Vuta kamba kati ya hivyo viwili na upime kila kigingi cha katikati kiko umbali gani na kamba. Weka mistari mitatu. Pima kila siku kumi, na siku inayofuata mvua kubwa. Kigingi kimoja kilichohama kimegongwa na ng'ombe. Vigingi vitatu jirani vilivyoshuka zaidi ya sentimita 1 upande mmoja, vipimo viwili mfululizo, ni mlima.

Kopo la mvua ni kopo lolote lenye kuta zilizonyooka, limewekwa wazi mbali na paa na miti, umbali mara mbili ya kimo cha kitu kilicho karibu. Soma kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, andika milimita, mwaga. Angalia jumla ya siku tano na ya siku kumi na tano zaidi ya mvua ya siku moja, kwa kuwa milimita 40 juu ya mlima mkavu hunywewa na milimita 40 hizohizo juu ya mlima ulioshiba huuangusha. Mamlaka ya Hali ya Hewa huhesabu mvua kuwa kubwa inapozidi milimita 50 kwa saa 24, na hutoa angalizo, tahadhari au tahadhari kubwa kwa mikoa. Tangazo la mkoa halijui kilima chako. Kopo lako linajua. Vitumie pamoja.

Mtaalamu

Mhandisi wa udongo au mjiolojia ndiye pekee anayeweza kukuambia habari za kina cha mita 8, na ndiye wa gharama kuliko wote. Tatizo kubwa huku si kumpata, ni kumwagiza kitu kisicho sahihi. Mwenye kiwanja anaomba "kipimo cha udongo", anapewa ripoti inayosema udongo unabeba kilonyutoni kadhaa kwa mita ya mraba, anafurahi. Hicho ni kipimo cha kujua msingi hautazama. Hakisemi lolote kuhusu mlima mzima kushuka na msingi wako ukiwa mzima juu yake. Ni vipimo viwili tofauti.

Mwagize kwa maneno haya: uchambuzi wa uthabiti wa mteremko, kwa hali ya udongo uliojaa maji, pamoja na mkato utakaoukata na uzito wa nyumba. Sampuli zijaribiwe zikiwa zimelowa. Kwenye tundu la kuchimba aache bomba la kupimia kimo cha maji, lisomwe wakati wa mvua. Matokeo yaonyeshe uwiano wa nguvu zinazoshikilia na zinazoshusha. Kwa mteremko wa kudumu wenye watu, wahandisi hulenga 1.5 hivi. Ripoti yenye 1.5 ya udongo mkavu peke yake irudishe. Hakikisha aliyeisaini amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Kwa kilima chenye dalili za kusogea kinachogusa nyumba nyingi, pelekeni suala kupitia serikali ya mtaa na halmashauri, kwani Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini, yenye makao makuu Dodoma, hushughulikia majanga ya aina hiyo.

Uchague ipi

Chini ya nyuzi 15, bila mkato unaozidi mita 1 na bila dalili ya maji: macho na shimo moja. Pesa iliyobaki itie kwenye mifereji.

Nyuzi 15 hadi 25, ambako viwanja vingi vya mitaa inayotazama ziwa vinaangukia: macho, mashimo matatu, na nyundo kama kuna shaka ya kifusi. Ukiweza kusubiri msimu mmoja wa mvua kabla ya kukata mlima, panda vigingi. Hapa shimo lenye mabaka ya kijivu karibu na uso linashinda namba zozote nzuri za nyundo.

Kati ya nyuzi 25 na 30, au penye mkato wowote unaozidi mita 2, mfinyanzi unaong'aa shimoni, au ufa wenye ngazi: mtaalamu, na kabla ya kulipa kiwanja. Zaidi ya nyuzi 30 kwenye udongo wa kina kirefu, ushauri wetu ni mfupi, acha michikichi iendelee kukaa hapo.

Kuna hali moja ambayo njia zote tano hazikusaidii ukizitumia ndani ya kiwanja chako tu. Vijiji vingi vya mwambao wa kaskazini, kuelekea Mtanga, Mwamgongo na Kagunga, vimebanwa kati ya mlima na ziwa, na sehemu tambarare ya kujengea mara nyingi ni pale kijito kinapotoka korongoni. Utambarare huo umeletwa na kijito chenyewe. Shimo lako litaonyesha mchanga na kokoto imara, nyundo itatoa namba za kupendeza, pembe ni nyuzi 4. Hatari iko kilomita moja juu. Tarehe 3 Desemba 2023 tope, mawe na magogo yalishuka kutoka mlima Hanang hadi Katesh, na waliofikiwa walikuwa chini ya mlima. Kwenye mdomo wa korongo angalia mawe: yakiwa makubwa kuliko ndoo na yamechanganyika na tope bila kupangwa kwa ukubwa, hayakuletwa na maji ya kawaida. Na kama ni karibu na kijito au ziwa, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 imeweka mita 60 kutoka ukingoni, ambazo hapa ni kinga kabla ya kuwa usumbufu.

Jambo la mwisho ni kwamba matokeo mazuri yanaharibika kirahisi siku ya ujenzi. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 50 linamwaga lita 5,000, na fundi akizielekeza kwenye ukingo wa kifusi umeufanyia mlima kazi ambayo mvua peke yake isingeifanya. Shimo la choo lililo juu ya mkato linafanya hivyohivyo mwaka mzima, taratibu. Ukuta wa kuzuia udongo wa kimo cha mita 2 unasukumwa na udongo mkavu kwa karibu tani 1.2 kwa kila mita ya urefu wake. Udongo huohuo ukijaa maji nyuma ya ukuta, msukumo unapita tani 2.5. Kuta nyingi zinazoanguka zilijengwa kwa tofali nzuri na saruji ya kutosha, zikakosa kokoto nyuma na matundu ya bomba la milimita 75 kila mita 1.5 karibu na chini.

Na ukiwa umeshahamia, ukaona mlango uliokuwa ukifunga vizuri umeanza kukwama, chemchemi ya kila siku imegeuka tope au imekauka ghafla katikati ya mvua, au umesikia mizizi ikikatika usiku, toka na watu wako wakati huohuo. Nenda pembeni, ukikata mteremko kwa upana mpaka uwe nje ya njia yake. Usikimbilie bondeni, huko ndiko udongo unakokwenda, na usirudi kuchukua vitu kabla mvua haijakatika na mlima haujakaguliwa mchana.